Asante Iliyosomwa Mahakamani

Dada ninayemkumbuka alitoka Tanga, na alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee pale Crystal, Minnesota. Mumewe alikuwa Mhindi wa Dar es Salaam, amekulia Upanga, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Wazazi wa mume walikuwa wamehamia India uzeeni. Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya elfu mbili, theluji ilipoyeyuka, mume alimchukua binti yao wa miaka mitano wakamsalimie bibi. Siku ya kurudi ilipofika, akapiga simu: yeye na mtoto hawarudi.

Mimi nilisoma sheria Dar, nikaiongeza Saint Paul, na wakati huo nilikuwa msaidizi katika ofisi ya mawakili mjini Minneapolis. Wenzangu waliniita mwanasheria, kwa heshima kidogo na kejeli nyingi.

Watanzania hatukimbilii mahakamani. Kwanza tunaita kikao. Kikao hiki kilikaa Maple Grove, sebuleni kwa mwenyekiti wa jumuiya yetu, viatu vimerundikwa mlangoni, simu imewekwa spika katikati ya sahani za sambusa. Mume alipopokea huko India, aliamkia kama mtoto mwema.

"Shikamooni wazee wangu. Poleni na baridi."

"Marahaba, baba, marahaba!" Sebule nzima ilifurahi. Alikuwa ameshawapata.

Katika vikao vyetu, mwenye dai huanza kwa kumshukuru anayemdai. Ukianza kwa kudai unaonekana una kiburi, na kikao kinakugeuka. Nilimnong'oneza dada yule aseme wazi kwamba anataka mwanawe arudi. Mwenyekiti akanisikia.

"Mwanasheria, vua tai. Hapa tunajenga nyumba ya watu, hatubomoi."

Watu wakacheka. Dada akainamia simu, machozi yakimdondokea kwenye sambusa, akasema kama alivyolelewa kusema: "Namshukuru sana mama kwa kumlea mwanangu. Najua yuko mikono salama. Naomba akae naye mpaka mimi na baba yake tuzungumze."

"Umesema vizuri, mke wangu," mume akajibu. Mwenyekiti akafunga kikao kwa dua.

Mwenzake dada kule kazini, muuguzi Mkenya, alipopata habari hakumwonea huruma. "Nyinyi Wabongo mtamalizwa na heshima! Mtu ame-steal mtoto wako halafu unamwambia asante? Enda u-file case leo!"

Hakwenda. Kila alipoitaja kesi, mume alimwuliza kama anataka kuwaaibisha wazee waliowasuluhisha. Theluji ilipoanguka tena ndipo alipokuja ofisini kwetu. Mahakama ya kaunti haikusita: mtoto alelewe na mama, na arudishwe Minnesota. Akaikumbatia ile amri kifuani kana kwamba ndiyo mtoto mwenyewe.

Hapa tusimame kidogo, maana watu wengi hujichanganya, na si jambo gumu ukilifuata hatua kwa hatua. Upo mkataba wa mataifa unaozitaka nchi kurudisha haraka mtoto aliyechukuliwa namna hii. India haikuutia saini. Kwa hiyo amri ya Minnesota ikifika kule haimwamuru mtu yeyote. Ni kama ushauri wa jirani. Iliyobaki ni njia ya Katiba ya India yenyewe, inayomruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu na kusema: fulani anashikiliwa isivyo halali, mleteni mbele yenu. Njia hiyo wengi huijua kwa ajili ya watu wanaofungiwa na polisi. Wazazi nao wameizoea kwa ajili ya watoto. Lakini likija suala la mtoto, majaji huuliza zaidi ya nani ana haki. Huuliza mtoto atafaidika wapi, na kama ameshazoea. Siku hizo majaji wengine waliirudishia nchi ya kigeni mtoto wake, wengine wakakataa.

Tukampata wakili kule, dada akapanda ndege. Kisha kikaja kiapo cha mume. Alikuwa ameapa kwamba mke alikubali mtoto abaki India, tena mbele ya mashahidi, tena kwa shukrani. Maneno ya Maple Grove yalikuwemo yote, yametafsiriwa kwa Kiingereza safi: namshukuru mama, mikono salama, naomba akae naye. Jaji wa kule angejuaje desturi hiyo? Lakini mume alijua. Alikulia Upanga, alijua kabisa asante ile ni ya nini, na ndiyo maana aliichagua.

Nikampigia mwenyekiti, nikamwomba aape kueleza desturi yetu.

"Mimi niliwasuluhisha," alisema. "Sasa nikamchongee mwenzangu mahakamani? Haipendezi."

Majaji walimwita mtoto chumbani kwao. Alikuwa ameshaanza shule kule, na Kiswahili cha mama yake, alichokuwa akikielewa tu na kukijibu kwa Kiingereza, kilikuwa kimemtoka. Walipomwuliza anataka kukaa na nani, alimshika bibi mkono. Wakaamua abaki, mama amwone kila Jumamosi, sebuleni kwa bibi. Mume alimpita dada ukumbini akamwambia, "Wasalimie wazee wa Maple Grove."

Jioni yake dada akanipigia.

"Kaka, nieleze taratibu. Naweza kukata rufaa?"

"Unaweza. Ipo mahakama ya juu kabisa, Delhi."

"Itachukua muda gani?"

"Pengine miaka."

"Nao wataangalia kama amezoea?"

"Ndiyo."

"Na hiyo miaka atakuwa anazoea wapi?"

"Huko huko."

"Kwa hiyo nikinyamaza ameshinda, na nikidai ninamsaidia kushinda."

"Ndivyo ilivyo, dada," nilimwambia, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na yeye aliniomba nimweleze.

Nilisikia honi za barabarani kule aliko. Kisha akaniambia nimwambie wakili afungue rufaa, na nije kumpokea uwanja wa ndege Alhamisi, maana zamu yake Crystal inaanza Ijumaa asubuhi.