Visanduku Sita Nyuma ya Daftari la Makabidhiano

Shangazi yangu anajua maneno ya Kiingereza ya herufi sita kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na nawafahamu watu wenye digrii. Ya herufi tano hayamhusu. Ya herufi saba anayaona ni majigambo. Lakini mchoree visanduku sita, umwekee herufi mbili tatu ndani, atakujazia zilizobaki huku anakunja shuka. Na maana atakupa, tena si ile ya kwenye kamusi iliyokauka kama mkate wa juzi.

Kazi yake ni udobi. Si wa beseni na kamba uani, ni wa hoteli kubwa, kule chini kabisa kwenye ghorofa ambalo wageni hawajui hata kama lipo. Kuna mashine nne za kufulia zenye mdomo kama wa mtu anayepiga miayo, mbili za kukaushia, na pasi ya roli ndefu kuliko kitanda chako. Zamu yake ni ya asubuhi, saa kumi na mbili mpaka saa nane mchana. Foronya ikitoka anaihesabu, ikirudi anaihesabu. Siku moja alimzuia mkuu wa kitengo mlangoni kwa sababu ya foronya mbili ambazo hazijulikani ziliko, na tangu siku hiyo wenzake wanamwita Mama Foronya. Akalikubali jina. Nyumbani ukimwita hivyo anakukata jicho, eti hilo ni la kazini, linabaki kule na sare.

Zamu ya mchana ni ya Kola. Huyu naye kapewa jina na mikono yake, maana akikunyooshea kola ya shati, ukiivaa tu unaanza kutembea kama waziri. Kola na shangazi walikuwa wanaonana dakika tano kwa siku, mmoja anavua aproni, mwingine anavaa. Kati yao kulikuwa na daftari la makabidhiano. Mbele ya daftari ni kazi tupu: mashine namba tatu inavuja, sabuni imebaki ndoo moja, mgeni wa chumba 214 anataka suruali yake kabla ya saa kumi. Nyuma, kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi nyuma, ndiko kulikokuwa na mchezo.

Ulianza hivi. Shangazi alikuta kamusi ndogo ya Kiingereza kwenye mfuko wa koti la mgeni. Utaratibu wa hoteli ni kwamba kitu kikikaa miezi sita bila mwenyewe, aliyekiokota anakichukua. Mwenyewe hakutokea, labda alikuwa ameshaijua lugha. Kamusi yenyewe haikuwa na jalada, na kurasa zote za A zilikuwa zimeng'oka. Shangazi aliacha shule mapema, kwa hiyo akaanza kujisomea kuanzia B kama kawaida tu, kama vile alfabeti ndivyo ilivyo. Kola alipomwona anasoma akamchorea visanduku sita, akaweka herufi, akamwambia ajaze. Kuanzia hapo ikawa kila siku. Mmoja anachora, mwenzake anajaza neno lake, halafu mchoraji naye anaandika lile alilokuwa nalo kichwani. Neno likianza na A, Kola anashinda, na shangazi anarudi nyumbani amenuna kama kapokonywa kiwanja.

Sharti lilikuwa moja tu, na alilitunga shangazi: maana ya kunakili kwenye kamusi haihesabiki. Ueleze neno kwa kitu ulichokiona wewe mwenyewe, kwa macho yako.

Kwa mfano, siku moja Kola alichora visanduku, akaweka I ya pili, halafu L na E za mwisho. Shangazi akaandika SINGLE, na chini yake: "Kimoja, hakina mwenzake. Soksi ya kijivu ambayo baba watoto aliisahau siku anaondoka. Nimeifua mara nyingi kuliko alivyowahi kunisalimia." Kola akaandika NIBBLE: "Kula kidogo kidogo, mpaka kitu kiishe bila mtu kushtuka. Mkuu wetu wa kitengo na siku zetu za likizo."

Siku nyingine zilikuwa A ya pili, S ya tatu, T ya nne, E ya tano. Shangazi akaandika FASTEN: "Kufunga kitu kikaze. Mama alinifunga vifungo vya sare siku yangu ya mwisho shuleni. Yeye hakujua kama ni ya mwisho. Mimi nilijua."

Miaka sita walicheza hivyo. Daftari likijaa, hoteli inaleta jipya, na shangazi anaomba lile la zamani. Mkuu wa kitengo alidhani ni mtu wa kumbukumbu. Nilikuwa namtania, nikamuuliza kama huyo Kola nianze kumwita shemeji, akanirushia taulo. Baadaye akaniambia, wala sikuwa nimeuliza tena, kwamba hana haja ya mume. Alichokuwa anakitaka ni mtu wa kumsoma. Watoto wake wako mbali, wanapiga simu wakiwa njiani na wanakata wakifika. Mimi ninayeishi naye, nikiwa chuoni ananitumia meseji za sauti za dakika saba, nami, Mungu anisamehe, nazisikiliza kwa kasi mara mbili, shangazi anasikika kama kuku aliyekasirika. Kola alikuwa anamsoma kwa mwendo wake.

Sasa. Ijumaa moja nimekaa zangu, likaingia kwenye kundi letu la chuo picha ya ukurasa wa daftari, na juu yake mtu kaandika "Kamusi ya Mama imetoka tena jamani, kaeni mkao wa kujifunza." Ilikuwa ile ya soksi. Kundi lilikuwa limeshawaka. Stika za mbuzi anacheka, mtu kaandika soksi ipewe talaka yake, mwingine anauliza hiyo soksi ni saizi gani aje aioe. Na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka nikapaliwa, nikaituma kwenye makundi mawili mengine, na ndipo nikarudi kuitazama vizuri. Ule mwandiko uko kwenye mlango wa friji yetu. Ndio unaotuandikia tununue vitunguu.

Nilimtafuta aliyeileta. Binamu yake anafanya kazi jikoni kwenye hoteli ileile, na huko wafanyakazi wana kundi lao ambalo shangazi hayumo, maana simu yake aliyokuwa nayo zamani ilikuwa haipokei makundi na baadaye hakuna aliyekumbuka kumwongeza. Kila Ijumaa mchana picha moja inawekwa. Imekuwa hivyo karibu mwaka mzima. Nilitumiwa zote, arobaini na moja. Ya vifungo vya sare ilikuwemo. Mtu alikuwa ameiwekea muziki.

Nilikaa nazo usiku kucha. Nilifikiria kunyamaza, kisha nikafikiria kwamba watu themanini wa kundi lile wanajua na yeye hajui, nikaona huo ni utani mbaya kuliko ule wa kwanza. Jumamosi akiwa anakata nyanya nikampa simu.

Alipitisha picha moja moja kwa kidole chenye maji. Kwanza alimtetea Kola. Alisema daftari linakaa mezani, chumba hakina mlango wa maana, hata mtu wa mizigo anaweza kuingia akapiga picha. Aliendelea kupitisha. Ndipo akasimama kwenye moja, akaikuza.

Kwenye kila picha, chini ya maneno yake, palikuwa na dole gumba limeziba sehemu iliyobaki ya ukurasa. Mimi nilikuwa nimeliona, nikadhani mpigaji ameshika vibaya tu. Shangazi aliuangalia ule ukucha. Umepasuka katikati toka juu mpaka chini. Ulibanwa na pasi ya roli miaka mitatu iliyopita, na aliyeufunga kitambaa siku hiyo ni shangazi mwenyewe.

"Kaziba za kwake," akasema.

Kweli. Neno la Kola halikuonekana hata kwenye picha moja. Mkuu wa kitengo yumo kwenye lile kundi, ungetegemea nini.

Akaniuliza kama nilicheka. Nikasema ndiyo. Akaniuliza nilituma kwa wangapi. Nikasema makundi mawili. Akatikisa kichwa kama mtu anayeandika idadi ya foronya, akarudi kwenye nyanya zake, na nakwambia ni afadhali angenipiga.

Mimi nikajifanya jemadari wa vita. Madaftari tisa ya zamani yako kabatini kwake chini ya blanketi, na ndani yake Kola yupo mzima mzima. Nikamwambia shangazi kazi hii niachie, dakika kumi tu, naye atajua maana ya kusomwa. Aliendelea kukata nyanya. Nikachukulia ni ruhusa, nikaenda kufukua.

Nilipata niliyoyataka na zaidi. Kwenye daftari la mwisho kulikuwa na visanduku vyenye T mwanzoni, halafu O na R mwishoni. Shangazi aliandika TAILOR, kitu kuhusu fundi aliyemshonea gauni la harusi likambana. Chini yake Kola aliandika TREMOR: "Kutetemeka. Mkono wangu wa kulia tangu mwezi wa pili. Nikishika pasi unatulia kidogo, nikiinua unaanza. Sijamwambia mtu. Wakijua wananitoa."

Nikatoka na daftari mbio mbio, simu tayari. Shangazi alifuta mikono, akalichukua daftari, akalifunga.

"Hiyo si ya kwako wala ya kwangu," akasema. "Keti."

Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Tangu aliposoma ukurasa ule, alikuwa hatoki kazini saa nane. Mashati ya wageni ya kunyooshwa kwa mkono huletwa saa saba na nusu, na kwa ratiba ni ya zamu ya mchana. Yeye alikuwa anabeba yale magumu, yenye marinda kifuani na kola ngumu, anaingia nayo chumba cha kukunjia, anayanyoosha akijifanya anamalizia kiporo cha zamu yake. Anatoka saa nane na dakika arobaini. Kola akija kuyachukua anakuta yametundikwa. Hakuwahi kusema asante, na shangazi hakutaka aseme, maana wangeyasema yale kwa mdomo yangekuwa si ya daftari tena. Miezi minane hiyo. Mimi nilidhani anachelewa kwa sababu anatembea polepole.

Jumatatu alienda kazini kama kawaida. Yaliyotokea alinisimulia mwenyewe baadaye, bila kupandisha sauti.

Kola aliingia saa nane kasoro dakika tano, mchangamfu, akalifungua daftari kwa nyuma kama kila siku. Hakuna visanduku. Akauliza kama mwalimu leo anaumwa. Shangazi akamwonyesha simu, ile picha ya vifungo, na muziki wake.

Kola alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetafuta pa kukanyaga. Akasema ni utani tu, Mama Foronya, wala usiweke moyoni. Watu wanakupenda, wanaisubiri Ijumaa, hata yule mpishi mkali anacheka. Jina lako kamili sijaweka. Alisema mengi, na yote yalikuwa mepesi.

Shangazi alimwacha amalize.

"Mbona za kwako umeziba?"

Kola akautazama ukucha wake.

"Zile nilikuandikia wewe, dada."

"Na mimi nilikuwa namwandikia nani?"

 Kola alishika kona ya meza, na shangazi akauona ule mkono ukianza. Shangazi anasema alimwangalia usoni ili asiutazame, kwa sababu hata siku ile hakutaka ajue kwamba umeonekana.

Halafu alitoa kwenye mfuko wa plastiki karatasi alizokuwa amezichana usiku wa kuamkia siku hiyo kutoka kwenye madaftari tisa. Alikuwa amezikata katikati kwa mkasi, ukurasa mmoja mmoja; vipande vyenye maneno yake alibaki navyo, vya Kola akamrudishia vyote, pamoja na kile cha T. Akamwambia hazijapigwa picha. Kola akazipokea. Alitaka kusema kitu, akasema samahani, kwa sauti ndogo, na shangazi anaamini alimaanisha. Lakini alisema pia kwamba samahani ile ilikuwa na macho mawili: moja lilikuwa linamtazama yeye, lingine limeshaenda kwenye kitoroli mlangoni.

Kwenye kitoroli kulikuwa na mashati kumi na manne ya wageni wa mkutano, yote ya marinda, yanatakiwa saa kumi na moja. Shangazi hakuyagusa. Alivua aproni, akaitundika, akaandika mbele ya daftari, upande wa kazi, kwamba mashine zote ni nzima na mashati kumi na manne yanasubiri zamu ya mchana, akaweka sahihi. Kisha akatoka kwa mlango wa wafanyakazi saa nane kamili. Akiwa kwenye ngazi alisikia pasi ya mvuke ikiwashwa, na alisimama pale, hakuniambia kwa muda gani. Kisha akapanda.

Mimi nilikuwa nyumbani nimejilaza na simu nilipomsikia anafungua mlango. Nikatazama saa nikadhani imesimama. Aliingia, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango bila kuvua viatu, pochi mapajani. Chakula kilikuwa hakijaanza kupikwa, nguo za kufua hazikuwepo, na kipindi chake cha redio kilikuwa bado. Nikamuuliza kama anataka chai. Akasema ngoja kwanza, hata saa ya chai haijafika.