Ile Nyeupe Haikuja Mazishini

Mume wangu Gachau hapendi magari. Nasema hapendi, lakini hilo ni neno la adabu. Akikuta gari limeegeshwa kwenye njia ya baiskeli pale Ruiru, hushuka, hugonga kioo na kumwuliza mwenyewe kama kwao watu hulala juu ya meza. Ameshatukanwa kwa Kikuyu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na mara moja kwa lugha ambayo hata yeye hakuijua. Matusi yote huyajibu.

Anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi, Eneo la Viwanda Thika, na kila siku huenda na kurudi kwa baiskeli. Nimemwambia apande matatu kama watu wengine. Hunijibu kwamba gari humfanya mtu kiziwi: ukishafunga kioo, husikii tena anayelia nje. Siasa zake zote zimetoka hapo hapo, juu ya kiti cha baiskeli. Chama haangalii, kabila haangalii. "Ukitaka kujua kiongozi," husema, "angalia vile anapita mtu wa baiskeli." Kwa kipimo hicho hajawahi kumpata wa kumpigia kura, lakini kila uchaguzi hupanga foleni alfajiri na kurudi nyumbani amenuna. Mimi huona ni kujitafutia presha tu. Lakini ndiye aliyenioa.

Mwenzake wa njiani alikuwa Nzau, Mkamba mpole wa kiwanda hicho hicho, aliyepanga nyumba kwenye ploti moja na sisi. Miaka mingi waliendesha pamoja wakibishana. Nzau, tofauti na mume wangu, alitaka gari sana. Alikuwa na picha ya Probox kwenye simu, akiwaonyesha watu kama mtu anavyoonyesha picha ya mtoto wake.

Mwezi wa pili mwaka huu, jioni wakitoka kazini, msafara wa mwanasiasa mmoja ulikwama kwenye jam pale karibu na Juja. Ukachepuka, ukaingia barabara ya pembeni na kuja mbio upande usio wake. Gari la mbele, kubwa, jeupe, likapanda njia ya baiskeli. Nzau alikuwa mbele, Gachau nyuma yake. Gari halikusimama. Nzau alikata roho mikononi mwa mume wangu, na shati alilovaa siku hiyo nililichoma mwenyewe.

Gari lile kila mtu analijua. Mwenyewe anagombea mwakani. Hajachaguliwa na yeyote bado, lakini sisi tumeshamwita mheshimiwa, maana huku kwetu cheo huanza na gari. Hutoa kifua kwenye paa la gari hilo na kutuhutubia kutoka hapo, sokoni, kanisani, hata makaburini. Akina mama husema, "Nyeupe imefika," na viti hupanguswa haraka.

Gachau alikwenda polisi akaeleza alichokiona. Akaambiwa uchunguzi unaendelea. Kesho yake alipigiwa simu na mtu asiyejitaja jina, akaulizwa kwa upole kabisa baiskeli yake ni ya rangi gani. Tangu hapo mimi sikupata usingizi.

Kisha mheshimiwa akatuma hema, jeneza na ng'ombe mzima wa mazishi. Aliyevipokea ni Mutinda, kaka mkubwa wa Nzau, mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Mutinda si mtu mbaya. Alikuwa na maiti ya ndugu yake, na mkononi hana kitu. Siku moja kabla ya mazishi alikuja kwetu, akaketi ukingoni mwa kiti, akamgeukia Gachau.

"Baba Kui, wewe ni mtu wetu. Lakini kesho, tafadhali, maneno ya gari uyaache. Mheshimiwa amesimama na sisi."

"Siku ile angesimama, Mutinda, kesho hatungekuwa na mazishi."

"Nakuomba. Kuna vijana watakuja. Sitaki damu kwa boma ya mama yangu."

Alipotoka nilimshika mume wangu mkono. "Niapie, Baba Kui. Hutafungua mdomo mbele ya mwili wa Nzau." Akaapa. Gachau akiapa ameapa, na nilishukuru Mungu.

Nzau alikuwa azikwe kwao, upande wa Ngoliba, mashariki mwa Thika. Watu wa baiskeli wa kiwandani waliifuata maiti toka mochari, Gachau akiwa mbele, vumbi la magari limewageuza weupe kama wasaga unga. Langoni walikuwepo wale vijana, kumi hivi, wamevaa fulana za mheshimiwa, mikono imekunjwa kifuani. Mmoja aliitazama baiskeli ya mume wangu, kisha akamtazama yeye.

Mheshimiwa alifika na magari mawili meusi. MC alimwita mchungaji, akaita jamaa, akaita wakwe. Zamu ya wafanyakazi wenzake ilipofika, akasema tunabanwa na wakati. Gachau, aliyeketi kando yangu, akataka kuinuka. Niliweka mkono wangu gotini mwake, nikabonyeza.

Mheshimiwa akapewa maikrofoni. Akasema Nzau alikuwa rafiki yake. Akasema ajali haina kinga, na kazi ya Mungu haina makosa. Halafu akageukia watu wa baiskeli. "Na nyinyi, wapendwa, mjifunze kujichunga. Mvae zile reflector. Barabara si ya kuchezea."

Nilimtazama Ndila, mjane wa Nzau. Wiki nzima hakuwa amesema neno zaidi ya asante. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama ni yeye anayekanywa. Hasira ilinipanda hata masikio yakaziba.

Ndipo MC akaita chama cha akina mama kitoe rambirambi. Mwenyekiti ni mimi. Nilikuwa nimepanga kutoa pole na kurudi kuketi. Nilitoa pole, kweli. Kisha nikasikia sauti yangu ikiendelea.

"Mheshimiwa, asante kwa kufika. Niko na swali ndogo tu. Ile nyeupe iko wapi leo?"

Yeye akatabasamu, maana watu kama hao hutabasamu kwanza. "Mama, hiyo iko garage."

Gachau akasimama. Nilitamani ardhi inimeze, lakini mimi mke wake nikiwa nimetangulia, angekaa vipi?

"Garage inatengenezwa nini?" akauliza. "Mbele ama nyuma?"

Vijana wa langoni wakaanza kuja. MC alininyang'anya maikrofoni akaanzisha wimbo. Akaimba peke yake mistari miwili, akaacha. Mutinda akasema kwa sauti ya kukatika kwamba tuzike, tuzike sasa, akashika kamba ya jeneza na kuwaita wenzake.

Ndila aliinuka. Alipita mbele ya mheshimiwa, akaenda akaketi juu ya udongo uliochimbuliwa, akaweka kiganja juu ya jeneza.

"Hazikwi," alisema.

"Ndila, mwili umeshaombewa."

"Hazikwi, Mutinda. Hiyo gari iletwe hapa niione. Ikiwa nzima, nitapiga magoti niombe huyu mtu msamaha mbele ya nyinyi wote. Ndio mzike."

Vijana walisimama hatua chache kutoka kwake. Mjane hasukumwi kando ya kaburi la mume wake, hata mlevi anajua hilo. Walimtazama mheshimiwa wapate ishara. Gachau alitembea katikati yao, akaketi chini kando ya Ndila, akavua kofia. Nami nikaenda. Wakaja watu wa kiwandani, kisha akina mama wa chama.

Mheshimiwa hakututazama sisi. Alimtazama Mutinda, kwa macho ya mtu anayekumbusha hema ni la nani.

Mutinda alikuwa bado ameshika kamba. Alimtazama shemeji yake pale kwenye udongo, akatazama jeneza lile zuri la watu. Akaiachia kamba ikaanguka.

"Mheshimiwa," alisema, "pigia fundi simu. Sisi tutangoja."