Lori Likipita, Rudia

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula chenga. Mchele mzima ulipanda bei mpaka wenye maduka wakawa wanaufunika gunia kama mgonjwa, na sie watu wa Kurasini tukahamia kwenye chenga, zile punje zilizovunjika ambazo zamani tulikuwa tunawamwagia kuku. Tulikula chenga Idi, tukala chenga kwenye maulidi, na jirani yangu mmoja aliozesha binti yake kwa pilau ya chenga, wageni wakala kwa vijiko maana mkononi haishikiki. Ukiniuliza tarehe siijui. Ukiniambia chenga, nakumbuka kila kitu.

Mwaka huo ndiyo mjukuu wangu alipata kazi.

Niseme ukweli, nilijivuna. Mie nimesoma mpaka darasa la tatu huko Newala, nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu. Jina langu nilijifunza kuliandika ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na mpaka leo nikiweka sahihi watu wanasubiri, kila herufi naisimamisha kwa miguu yake. Halafu mjukuu niliyemlea mwenyewe tangu mama yake afariki anatoka asubuhi na kitambulisho shingoni, kishikwambi mkononi, shati limenyooka. Nilikuwa namsindikiza mpaka kwenye kona makusudi, ili watu wanisalimie huku wanamuona.

Kazi ilikuwa kutafuta watu wa kuingia kwenye utafiti wa presha. Alinieleza siku ya kwanza nikiwa napepeta chenga zangu. Madaktari wamechukua dawa mbili za presha wakaziweka kwenye kidonge kimoja. Wanataka kujua kama mtu wa kidonge kimoja kwa siku atafuata dawa vizuri kuliko yule anayemeza viwili au vitatu. Wanawataka wenye presha, miaka hamsini kwenda juu, wawapime na kuwafuatilia mwaka mzima. Mjukuu wangu hatibu wala hachomi sindano. Kazi yake ni kubisha hodi, kueleza, na kumwandikisha anayekubali.

"Wamekupa mkataba?" nikamuuliza.

"Wa majaribio, bibi. Miezi mitatu. Nikiwapata watu wanaotakiwa mtaa huu, wananipa wa mwaka. Nisipowapata, narudi kukaa nyumbani."

Nyumbani alikuwa ameshakaa miaka miwili, cheti chake cha afya ya jamii kiko kwenye bahasha chini ya godoro. Namjua akikaa nyumbani anavyokuwa. Anaosha masufuria ambayo ni masafi.

Wiki ya kwanza alirudi anaimba. "Bibi, watu wa huku wazuri! Kila nyumba wananiambia ndiyo." Alikuwa na majina ukurasa mzima. Siku ya kliniki ikafika, akawangoja tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Wakaja wawili, na mmoja alikuwa amefuata chandarua.

Nilicheka mpaka nikaweka ungo chini. Yeye hakucheka.

"Nani alikwambia hiyo ni ndiyo?" nikamwambia. "Umeingia kwa mtu, umempa shikamoo yake, umevua viatu, umekaa kwenye mkeka wake. Akwambie hapana usoni, yeye hana adabu? Amekwambia ndiyo ili unywe maji uende salama."

"Sasa nitajuaje?"

"Anayekuja kweli hakwambii ndiyo upesi. Anakugombeza kwanza. Anauliza damu mnapeleka wapi, atarudi saa ngapi, nani atamwangalizia jiko. Yule aliyekujibu inshallah mwanangu mara tatu, mfute."

Kesho yake nikamtuma kwa shoga yangu. Shoga yangu ni mjane wa mchonga vinyago, tumetoka wote kusini, na nyumba yake na yangu zinatumia ukuta mmoja. Anapika vitumbua, na mwaka ule alivipika kwa chenga na vikatoka vizuri kuliko vya siku zote, ila hakutaka aambiwe hivyo. Presha anayo. Dawa alikuwaga anazimeza kichwa kikimuuma tu. Kisipouma anaziweka kwenye kopo la maziwa, akiba. Dada yake alianguka kwa presha hiyohiyo, mkono na mguu wa upande mmoja vikafa, na shoga yangu ndiye aliyemwogesha mpaka mwisho. Kwa hiyo woga alikuwa nao, tena mkubwa, ila mdomoni ulitoka kama ugomvi.

"Mumiani wa siku hizi wanatembea na vishikwambi," nikamsikia upande wa pili wa ukuta. "Damu yangu mnaipeleka wapi?"

"Maabara, bibi. Vijiko viwili tu vya chai."

"Vijiko vya nani? Vya kwangu au vya hotelini? Havilingani."

"Vidogo, bibi."

"Na hicho kidonge kimoja nitapewa mie?"

"Hatujui. Kompyuta ndiyo inachagua nani apewe na nani aendelee na dawa za kawaida."

"Kompyuta inanijua mie?"

Nikashindwa kuvumilia, nikapitisha kichwa dirishani. "Shoga, ni kama mchezo wetu wa kununuliana vyombo kwa zamu. Si tunachomoa vikaratasi kwenye kikombe? Kuna anayejichagulia zamu?"

"Aaa! Sasa si angesema hivyo tangu mwanzo. Mtoto amesoma mpaka amesahau kuongea."

Mjukuu wangu alirudi anang'aa. "Bibi, amenigombeza saa nzima!"

"Basi huyo atakuja."

Na akaja. Tangu siku ile mjukuu wangu akawa anawafuata wagomvi, na mtaani kwetu wagomvi hawapungui. Alhamisi ya wiki ya mwisho ya ile miezi mitatu, meza ikawekwa nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, wanawake wamejaa kwenye benchi. Ijumaa ndiyo orodha inafungwa. Utaratibu ulikuwa hivi: anayejua kusoma anasoma karatasi na kuweka sahihi yake. Asiyejua anasomewa, anaweka dole gumba, na pembeni anakuwepo shahidi aliyemchagua mwenyewe, asiye mfanyakazi wao. Shahidi anaandika jina lake kwamba ameona na kusikia mwenzie ameelezwa na ameelewa. Shoga yangu alinichagua mie. Nilivaa gauni la Idi.

Ofisi ile iko njiani kwenda kwenye mayadi ya makontena. Malori yanapita mfululizo, benchi linatetemeka, vumbi linaingia kwenye chai. Sie tumezoea, lori likipita mtu anaendelea kuongea, na anayesikiliza anaitikia kwa kichwa, mambo yanaenda. Mjukuu wangu naye amekulia hapohapo. Akasoma, lori likapita, akasoma, shoga yangu akaitikia kwa kichwa, likapita lingine na tela lake, shoga akaitikia tena. Ikafika mwisho.

"Haya, bibi, weka dole hapa. Na wewe bibi, andika jina hapa."

Nilikuwa nimeshashika kalamu. Sijui kilichonituma. Nikamgeukia shoga yangu. "Amesema ukichoka na huo utafiti ufanyeje?"

Akafikiri. "Nivumilie."

Benchi zima likaangua kicheko. Mie sikucheka. Maana nilikuwa nimekaa karibu na meza, nilisikia kilichosemwa wakati tela linapita: kwamba ukichoka unatoka, siku yoyote, hukamatwi, hudaiwi neno, na kliniki watakutibu kama kawaida. Ndilo neno kubwa kuliko yote kwenye ile karatasi, na lori lilikuwa limeondoka nalo. Shoga yangu alikuwa tayari kuweka dole huku anaamini amejifunga mwaka mzima, kwa sababu mtoto wa nyumba ya jirani amemwomba.

Nikaweka kalamu mezani. "Mie siandiki. Aelezwe mpaka aseme kwa mdomo wake, ndiyo niandike."

Mjukuu wangu akainama sikioni kwangu. "Bibi, usinifanyie hivi. Benchi limejaa. Kesho ndiyo mwisho."

"Najua kesho ndiyo mwisho."

"Unataka nirudi nyumbani?"

Hapo alinipiga pabaya. Nikaliangalia lile shati nililompigia pasi mwenyewe alfajiri, nikaona masufuria masafi yanaoshwa. Mkono ulitaka kuchukua kalamu. Lakini jina langu nimelipata kwa taabu, na ni kitu pekee nilichotoka nacho darasani. Kuliandika chini ya uongo, hata uongo wa kumsaidia mjukuu, nisingeweza.

"Rudia," nikasema. "Kaanzie kwenye damu."

Akaninunia. Nyuso za kununa nimemfundisha mie, hazinitishi. Akabeba meza yake mwenyewe akaizungusha nyuma ya ofisi, kwenye kamba za kuanikia nguo, ambako malori yanasikika kwa mbali. Tukamfuata na benchi letu. Akaanza upya, na hata huko lori zito likipita ananyamaza, anainua kidole, likiisha anarudia. Shoga yangu akaambiwa aseme. Akasema: damu vijiko viwili vidogo, dawa inachomolewa kama mchezo wa vyombo, vidonge nameza kila siku kichwa kiume kisiume, na nikichoka nawaaga natoka.

"Na ukitoka watakufanyaje?" nikamchokoza.

"Watanitibu! Wewe shahidi au polisi?"

Nikaandika jina langu, herufi zote saba. Yeye akabonyeza dole lake kwa nguvu kama anapiga muhuri wa bandarini.

Wanawake walipoona inaruhusiwa kuuliza, wakauliza. Mmoja kama akifunga Ramadhani dawa ameze saa ngapi. Mwingine kama mume anaweza kumkataza. Wawili walisikiliza mpaka mwisho, wakasimama, wakasema, "Hapana, mwanangu, sie hatuwezi," wakaenda zao. Mjukuu wangu aliwaangalia mpaka wanapinda kona.

"Usisikitike," nikamwambia. "Hiyo ndiyo hapana ya kwanza uliyopewa mtaa huu. Sasa hao waliobaki ndiyo wako kweli."

Jua linazama, orodha ilikuwa imepungukiwa watu watatu. Hakula. Nilimpakulia ubwabwa wa chenga na dagaa, akaugeuzageuza kwenye sahani, akalala na kitambulisho shingoni.

Nisikuweke roho juu: kazi anayo mpaka leo. Wakubwa wake walimwongezea wiki mbili, akawapata watatu waliobaki, tena wagomvi wazuri. Na mwaka ulipokatika wakaona mitaa mingine watu wamepotea njiani, simu hawapokei, milango hawafungui, ila wa kwetu wanakuja kliniki siku zao, wanauliza foleni inaanzia wapi. Shoga yangu hakuchomoa kidonge kimoja, alichomoa dawa za kawaida, akachukia wiki nzima. Lakini alipimwa na kufuatiliwa kama wenzie, na lile kopo la maziwa sasa limerudi kuwa la maziwa. Asubuhi hii nimekula vitumbua vyake. Mjukuu wangu siku hizi anafundisha wapya, na cha kwanza anawapeleka barabarani, waeleze karatasi malori yakipita, waone wenyewe.

Hayo tunayajua leo. Ijumaa ile asubuhi hatukuyajua. Nilikuwa uani nakoroga uji, naye yuko mlangoni anaongea na msimamizi wake kwa simu, sauti imewekwa kubwa kwa sababu ya malori. Msimamizi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye haraka. Nikamsikia anasema, "Dada, umepungukiwa watatu. Lakini nina karatasi ya mama mmoja uliyemsomea wiki iliyopita, dole ameshaweka, sehemu ya shahidi ndiyo iko wazi. Si bibi yako anajua kuandika? Andika jina la bibi hapo kwenye shahidi, tuanze na huyo kuhesabu. Mkataba wako uko mezani kwangu hapa."

Mwiko ukasimama kwenye uji. Lori lilikuwa linapita. Mjukuu wangu akainua kidole, kama alivyofanya jana yake nyuma ya ofisi, akangoja mpaka tela lote liishe. Kisha akasogeza simu mdomoni.

"Mie siandiki. Aelezwe mpaka aseme kwa mdomo wake, ndiyo niandike."