Albamu Iliyopimwa kwa Maksai

Bariadi nzima hakuna sikio la muziki linalofikia langu, muulizeni hata kinyozi wangu. Ndiyo maana juzi, pale kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, kijana wa hip hop anayechana na kutengeneza midundo mwenyewe aliniuliza mimi kwanza. Kesho yake alitakiwa kupeleka redioni wimbo mmoja tu wa albamu yake, na hakujua upi.

"Zote kali!" nikamwambia. Wateja wote wakadakia, "Zote kali!" Kijana akazidi kukunja uso.

Mkulima wa Ngulyati, aliyeingiziwa albamu ile kwenye simu yake wiki iliyopita, akanyoosha vidole vinne. "Peleka wa nne, ng'wanawane, mwanangu. Huo nimeulimia."

"Umeulimia, baba?"

"Maksai wangu walikwenda nao hadi mwisho wa shamba bila fimbo. Ule wa mapenzi ulipoanza, wakasimama wakacheua."

Kijana akacheka, akamshika mkono kwa mikono miwili, akaondoka na wa nne.

Jioni nikawasomea maksai wa jirani safu yangu hii ya gazeti. Mmoja alicheua, mwenzake akalala kabisa. Nimeileta hivyo hivyo. Ng'ombe hawanunui magazeti.