Mitihani Niliyomtungia Mama

Mama alipoanza kusahau, mimi mwalimu wa hesabu niliona dawa ni mazoezi. Nilimleta nyumbani kwangu Ngokolo, nikatundika ubao sebuleni, na kila asubuhi, baada ya shikamoo, nikawa namtahini. Leo siku gani? Mimi nani? Akikosa, namsahihisha. Siku moja aliutazama ubao kwa makini, nikadhani somo limeingia.

"Aliyeandika hapa," akasema, "mwandiko wake mbaya."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka chini sufuria ya michembe, viazi vitamu vya kukausha. Mimi nilinuna.

Mchana mmoja mama akatoweka. Nilizunguka mitaa nikiwa na kandambili moja, nikamkuta mtaa wa Kambarage, anakunywa maji, ameketi kwa muuza mchele mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu.

"Anatafuta ng'ombe wake awanyweshe," yule muuza mchele aliniambia kwa sauti ya chini. "Nimemwambia wamepumzika kivulini, naye apumzike."

Badala ya kushukuru, nikasahihisha. "Mama, ng'ombe tuliwauza baba alipofariki!"

Mama akanitazama. "Amefariki? Lini?"

Akalia kama mtu aliyepata habari dakika ile. Kumbe kwake ndiyo ilikuwa dakika ile. Muuza mchele alimkumbatia, kisha akanigeukia. "Mwalimu, umemfiwisha upya."

Hospitalini, daktari alinieleza kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, si uzee tu wala ukaidi, na kwamba yanayotangulia kupotea ni ya jana na juzi; ya zamani hukawia. Nikamsimulia kwa fahari habari za ubao wangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, akauliza, "Na hayo maswali, mzee, yanamsaidia nani?"

Miaka mingi nimetunga mitihani. Jioni ile niliufuta ubao.

Wiki ile mama akaniuliza tena, "Baba yenu yuko wapi?"

Jibu sahihi lilinifika mdomoni. Nikalimeza. "Mayu," nikasema, nikimwita mama kwa Kisukuma cha utotoni, "hebu niambie, alikuwa mtu wa namna gani?"

Uso wake ukafunguka. Akanisimulia jinsi baba, yule mkali aliyetutetemesha sote, alivyokuja kumposa akafukuzwa na jogoo wa kwao hadi akapanda juu ya kichuguu, wakwe wakimtazama.

Nilikuwa sijawahi kuisikia hadithi hiyo. Nilicheka hadi machozi, naye, hajui mimi ni nani, akanipangusa kwa upindo wa kanga.