Kiti cha Alama Arobaini na Moja

Miaka ishirini na sita Bi Randa alifundisha useremala, na jina hilo walimpa wanafunzi kwa sababu randa haikumtoka mkononi. Kwenye kusahihisha hakuwa na huruma. Kiungo kikicheza kidogo tu, alama zimekwenda na maji.

Mwaka huo alimpa binti mmoja sabini na nane kwa kiti alichotengeneza. Matokeo yalipotoka, kiti kilikuwa na arobaini na moja. Barua ya ofisi ya mitihani ilieleza kwamba shule ilifanya vibaya kwenye mtihani wa kuandika, kwa hiyo alama zote za karakana zimeshushwa zilingane nao.

Bi Randa hakuandika rufaa. Alijitwika kile kiti, akapanda nacho ngazi hadi ofisi ya mitihani.

"Kaa hapa, baba," alimwambia ofisa.

Ofisa, mtu wa miraba minne, akakaa.

"Nani kati yenu alikigusa kiti hiki kabla ya kukipunguzia alama?"

"Mama, hatuwezi kuzunguka shule zote. Kompyuta inaangalia wastani."

Akaeleza wastani nusu saa nzima, huku akijiegemeza na kujibembeza kwa miguu miwili ya nyuma ya kiti. Kiti hakikutoa hata mlio. Bi Randa alimwacha amalize.

"Haya, inuka. Kiti cha arobaini na moja kingeshakumwaga zamani. Mrudishie mwanafunzi wangu alama zake, au maelezo yaliyobaki nipe ukiwa umekaa sakafuni."