Jicho Zima la Baba Mkwe

Yote yalianza na ufunguo wa pikipiki.

Jumamosi hiyo mume wangu alikuwa ametuahidi, mimi na mtoto, kutupeleka kituoni Siakago tupande gari la kwenda Nkubu kwa mama yangu. Mtoto alikuwa na miezi mitano, na mama yangu alikuwa hajamwona tangu tutoke hospitali. Nilikuwa nimevaa. Nikisema nimevaa namaanisha gauni la vifungo mbele, viatu vya kuonekana navyo, na mtoto kofia ya sufu ambayo huku chini ni ya kumchemsha mtu kichwa lakini kwetu juu kwenye baridi bila hiyo utasemwa na kila shangazi. Tulipofika njia panda, pikipiki ikakata kushoto badala ya kulia.

"Tunampitia mzee kidogo," mume wangu akasema. "Nusu saa tu."

Mimi naijua nusu saa ya mume wangu. Alitoka nusu saa kununua mkate, akarudi akakuta amekuwa baba.

Mzee, yaani baba yake, alikuwa anatungoja langoni na panga, kofia, jerikeni ya maji, chupa ya chai na mbwa wawili. Hapo nikaelewa kwamba walikuwa wamepanga tangu jana. Walikuwa wanaenda kuwinda. Kuwinda ni kosa kisheria, na mzee anajua vizuri, maana ni mzee wa kanisa na hukaa kiti cha mbele kwenye baraza la chifu. Lakini kwake yeye sungura akishaingia kwenye shamba lake la ndengu si mnyamapori tena, ni mwizi, na mwizi anafuatwa hadi kwake.

Mama mkwe alikuwa ameenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa na nyumba ilikuwa imefungwa. Kwa hivyo ningeweza kukaa kwenye kigoda na kuku, au kufuata ufunguo. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa suruali ya mume wangu, na suruali ilikuwa inaelekea porini. Nikamfunga mtoto mgongoni kwa leso, nikafuata suruali.

"Wewe utaumia na hivyo viatu," mume wangu akasema.

"Mimi niko safarini kwenda kwa mama yangu. Tembea."

Kabla sijaendelea, lazima mjue jinsi mimi na baba mkwe tunavyoishi. Kwao Mbeere, na hata kwetu Meru, baba wa mume na mke wa mwana hawazoeani. Hatusalimiani kwa mkono. Akija kwetu anakohoa kutoka langoni, ili kama nanyonyesha nijifunike. Akinikuta bado nanyonyesha, anageuka na kwenda kusimama nyuma ya ghala mpaka nimalize. Na kwa kuwa hapendi kunisemesha moja kwa moja, tangu mtoto azaliwe anamtumia yeye. "Mtoto, mwambie mama yako anipatie chai." Mtoto hana hata jino, lakini ndiye mkalimani wetu.

Jambo lingine ni macho yake. Jicho la kushoto lilifunikwa na utando mweupe miaka mingi iliyopita. Wameshamwambia upasuaji ni wa asubuhi moja tu, anakataa. Anasema la kulia linamtosha. Ndilo analotumia kusoma Biblia, kuhesabu mbuzi na kuona nani amekosa kanisani.

Basi tukaenda. Mzee mbele, mbwa, mume wangu, halafu mimi nyuma kabisa kwa umbali wa heshima. Heshima ina shida zake. Kila tawi la miiba ambalo wale wawili walilisukuma kupita, lilirudi kwa kasi likanikuta mimi. Kuna miiba huko imejipinda kama ndoana: ukijivuta unazidi kuishika, lazima urudi nyuma kwanza kama mtu anayeomba msamaha. Gauni langu lilipoteza kifungo kimoja hapo. Kwetu Nkubu, kwenye migomba na majani chai, mmea mkali tunaoujua ni thabai, ule wa majani ya kuwasha, na huo tunauchuma tunaupika. Huku hakuna kitu kinachokubali kupikwa bila kukulipiza kisasi kwanza.

"Mtoto," mzee akasema bila kugeuka, "mwambie mama yako asikanyage hapo kwenye majani makavu."

Mguu wangu ulikuwa tayari hewani. Majani makavu yalikuwa na kichwa. Lilikuwa moma, lile joka nene ambalo halijisumbui kukukimbia, linangoja ulikanyage ndipo lifanye kazi. Nikabaki na mguu mmoja juu kama korongo mpaka mume wangu akanivuta kwa mkono. Mbwa walipita pembeni bila kubweka. Hivyo ndivyo walivyokuwa na faida.

"Si nilikwambia ungebaki?" mume wangu akasema.

"Nipe ufunguo nibaki."

Hakunipa. Mbele kidogo akaona kanga wakikimbia, wale ndege wa madoa, akasema lazima kuna mayai. Akaingia kwa magoti chini ya mtambaazi uliojaa maganda ya rangi ya kahawia, yenye manyoya kama panya. Mimi nilisoma biolojia mpaka kidato cha nne na bado sikuujua, lakini yeye amezaliwa hapo. Mtu aliyezaliwa hapo akaweka kichwa, shingo na mikono yote miwili ndani ya upupu.

Hakutoka na yai hata moja. Alitoka akijikuna kama anayejivua ngozi, na kabla mtu hajasema neno akanyakua jerikeni ya maji na kujimwagia.

"Wacha maji," mzee akamwambia. "Jipake udongo. Maji yanauamsha."

Hakusikia. Alijimwagia kichwani, akajimwagia kifuani, akageuza jerikeni juu chini na kuitikisa. Yalikuwa ndiyo maji yetu yote, na mto wa karibu ulikuwa mchanga mtupu. Nilimwangalia akiruka ruka nikawaza, huyu ndiye niliyemchagua mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Tungegeuka hapo. Lakini mbwa wakaanza kubweka, sungura akapita kama kiatu kilichorushwa, na mzee akasahau umri wake. Sungura akaingia kwenye kichaka kikubwa cha mnyaa, huo mti wa vijiti vya kijani tunaouita kariaria, ambao watu hupanda kama ua kwa sababu hakuna ng'ombe anayeugusa. Ukivunjika unatoa maziwa meupe, na mtoto mdogo yeyote wa huku hufundishwa kuyaogopa kabla hajafundishwa kuhesabu. Mzee anajua. Mzee ndiye hufundisha. Lakini alitaka huyo sungura, na panga ilikuwa mkononi. Akakata tawi moja kwa hasira.

Hakupiga kelele. Alisema tu "aa", taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Panga ikaanguka. Akashika uso kwa mikono miwili, akakaa chini.

Lilikuwa jicho la kulia.

"Maji," mume wangu akasema. Halafu akaiangalia jerikeni. Mimi pia nikaiangalia. Sikumwambia kitu, na nataka nisifiwe kwa hilo.

Yale maziwa ya kariaria hayangoji. Mzee mwenyewe huwa anasimulia habari za mbuzi aliyepofuka kabla hajafikishwa nyumbani. Na nyumbani palikuwa mbali, tulikuwa tumepoteza nusu ya asubuhi kufika hapo. Kila mwanamke wa huku anajua kinachofanywa ukiwa porini bila maji, na kila mwanamume pia anajua, ndiyo sababu hao wawili walinyamaza ghafla. Jicho likiingiwa na utomvu huo, anatafutwa mama anayenyonyesha. Mama anayenyonyesha alikuwa mmoja.

"Baba," nikasema, "itabidi."

"Mtoto," mzee akasema kupitia vidole, "mwambie mama yako hapana. Heri nipofuke."

"Mtoto amelala, Baba. Niambie mimi."

Machozi yalikuwa yanamtoka yakichanganyika na vumbi. Mume wangu, akijikuna, akaleta wazo: nikamue kwenye kifuniko cha chupa ya chai, ambayo walikuwa wameshaimaliza njiani, yeye ampelekee. Sawa. Nikaenda nyuma ya kichaka, kichaka chenye miiba bila shaka, nikakamua. Hayakutoka. Mwili wangu ulikuwa mkavu na hasira ilikuwa imejaa mpaka kwenye meno. Mwenye kunyonyesha anajua, ukiwa hivyo maziwa hayashuki. Ikabidi nimwamshe mtoto, nimpe kidogo, halafu nimwondoe. Akalia kwa haki yake yote, na nikimsikia analia maziwa yanakuja yenyewe. Nikapata kifuniko nusu.

Mume wangu akakipokea. Akapiga hatua. Upupu ukamshika kwenye kiwiko, mkono ukaruka, na chakula cha mwanangu kikamwagika chini. Mbwa mmoja akakilamba, akatuangalia kama kuna kingine.

Hapo ndipo nilipoishiwa na adabu.

"Wewe kaa mbali na hiyo mikono yako ya upupu, usimguse mtu macho. Shika mtoto kwa leso. Baba, lala chali."

"Hilo halifanyiki," mzee akasema. Sasa alikuwa ananisemesha mwenyewe. "Wewe ni mke wa mwanangu. Mimi siwezi kuona..."

"Kuona nini, Baba? Jicho moja halioni na lingine limejaa sumu. Unaogopa kuona na nini?"

Mume wangu akatoa sauti fulani. Kama alicheka, basi alicheka kwa bahati yake nikiwa nimempa kisogo.

Mzee akalala chali. Lakini kabla ya kulala alivua kofia na kulifunika jicho la kushoto, lile la utando, ambalo halijaona hata jua kwa miaka. Alilifunika vizuri, akashikilia kofia isiteleze. Nikapiga magoti. Nikamfungua ukope kwa kidole gumba, mara ya kwanza maishani kumgusa, na ulikuwa mwembamba na wa moto kama wa mtoto mwenye homa. Jicho lilikuwa jekundu lote.

"Angalia juu."

"Wapi?"

"Huko unakotuambiaga tuangalie kila Jumapili."

Akaanza kusema Baba Yetu kwa Kimbeere, chini chini. Nami nikamkamulia moja kwa moja, kama ninavyomfanyia mwanangu macho yakimnata asubuhi. Mtoto alikuwa bado analia, kwa hivyo yalikuja mengi. Aliposema amina nilimwambia aanze tena, sijamaliza. Alisema Baba Yetu mpaka titi likawa mfuko mtupu.

Kurudi, alihitaji mtu wa kumwongoza. Mkono wa mwanawe ulikuwa na upupu, na wangu hakuweza kuushika, kila kitu kina mpaka. Kwa hivyo nikaachia pembe moja ya leso niliyombebea mtoto, akaishika hiyo. Nikatangulia mimi, kwa viatu vyangu vya Nkubu, nikikanyaga pale nilipokumbuka kwamba hapakuwa na nyoka. Matawi ya miiba niliyashika mpaka apite. Ya mume wangu niliyaachia.

Tulipofika, mume wangu akampakia baba yake kwenye pikipiki wakaenda hospitali. Mimi nikabaki langoni na kuku, kwenye kile kigoda nilichokikataa asubuhi, nikimtoa mtoto kupe kwenye kofia ya sufu. Hospitalini waliliosha lile jicho kwa maji mengi, wakaweka dawa na bandeji. Daktari akauliza lilioshwa na nini mara ya kwanza, maana kulilowesha mapema ndiko kulikosaidia, kama litapona. Mume wangu akajibu, "Maji."

Aliniambia mwenyewe jioni, akidhani ni jambo la kuchekesha. Nilichukua ufunguo wa pikipiki na mpaka leo uko shingoni mwangu, akitaka kwenda mahali ananieleza kwanza.

Kanisani mzee alisimama na bandeji yake akatoa shukrani. Alimshukuru Mungu, daktari, na mwanawe aliyemfikisha haraka. Alisema aliumia akipunguza ua wa nyumbani. Sungura hakutajwa. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma nikinyonyesha, na nilimshika mtoto kwa nguvu mpaka akalalamika.

Lakini hasira hiyo haikudumu kama nilivyopanga, na niwaambie kwa nini. Bandeji ilipotolewa, daktari alisema tungoje, hakuna wa kujua litaona kiasi gani. Siku moja nikiwa barazani, titi liko nje, mtoto amelala akinyonya, mzee akaingia. Hakukohoa. Alikuja akipapasa kwa fimbo, akakaa kwenye kiti kilichonikabili, uso wake kwangu kabisa, jicho limefunguka. Hakugeuka.

"Kuna mtu hapa?" akauliza.

Sikuwahi kufikiri nitakuja kukitamani kile kikohozi. Nilijifunika polepole ingawa hapakuwa na haja, nikaenda kumletea chai, na nikamwekea kikombe mkononi bila kupitia kwa mtoto.

Alikunywa hivyo wiki kadhaa. Halafu asubuhi moja nilikuwa hapo hapo barazani, hivyo hivyo, mtoto titini, nguo zimeanikwa kwenye kamba. Nikasikia lango. Mzee akatokea kwenye kona, akanyanyua uso, na kabla hajapiga hatua ya pili akageuka kwa ghafla hivi kwamba alijipiga na nguo zangu mbichi, akazungukwa na shuka, akajitoa, na kwenda kusimama nyuma ya ghala.

Alikohoa akiwa huko, kwa kuchelewa.

"Mtoto," akaita, "mwambie mama yako nitangoja."

Nikamwambia mtoto amjibu babu yake asiwe na haraka, titi la pili bado.